Bahari Haihamishwi kwa Ndoo

Kwa muda mrefu bahari imekuwa ikifika Kilimatinde ikiwa imekufa. Katika karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka pwani ilikatiza nchi ya Ugogo, ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa na kuingia Mgunda Mkali kuelekea Tabora. Pamoja na nguo na shanga, wapagazi walibeba kauri. Lakini konokono aliyeijenga kila kauri alikuwa amekwisha kufa. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikipita Saranda, chini ya ukingo ule ule. Samaki wa pwani waliopanda reli hiyo walipanda wakiwa wakavu. Hata leo, katika maabara nyingi za shule za bara, mwanafunzi hukutana na kiti cha pweza ndani ya chupa ya fomalini, na akionyeshwa tumbawe, huonyeshwa jiwe jeupe lililokaa juu ya rafu.

Si ajabu basi kwamba mwalimu wa biolojia hutamani kuileta bahari darasani ikiwa hai. Mwanafunzi wa Kilimatinde anatahiniwa mtihani ule ule wa taifa anaofanya mwenzake wa Tanga au Mtwara. Wote wawili huulizwa juu ya wanyama wa jamii ya matumbawe, na juu ya viumbe wawili wanaoishi pamoja kwa kufaidiana. Mmoja anaweza kushuka ufukweni maji yakitoka nyakati za bamvu akaona kwa macho yake, mwingine hukariri. Pengo hilo ni la haki kadiri lilivyo la elimu, na yeyote anayetaka kuliziba anastahili kusikilizwa.

Ichukuliwe, kwa mfano, kwamba mkazi wa Dar es Salaam aliyekuwa na tangi la kioo la lita 200, lenye matumbawe na samaki wa miambani, anaondoka mjini na kuamua kulitoa kwa shule ya sekondari iliyoko Kilimatinde. Tangi hilo lisafirishwe au lisisafirishwe? Na likisafirishwa, ni kitu gani hasa kinachosafirishwa? Rai inayotetewa hapa ni kwamba safari hiyo yawezekana na inafaa, lakini kwa utaratibu ulio kinyume cha ule ambao watu wengi huuanza. Wengi huanza na samaki na matumbawe, kisha hutafuta maji, na mwisho hukumbuka umeme. Ipasavyo, umeme utangulie, maji yafuate, viumbe wasioonekana waje baada ya maji, na tumbawe liwe la mwisho kabisa. Shule isiyoweza kufuata mpango huo ni heri isipokee tangi, kwani itakalopokea ni jeneza la kioo.

MAJI YA BAHARI SI MAJI NA CHUMVI TU

Kila kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali. Zaidi ya nusu ya uzito huo ni kloridi, na karibu theluthi moja ni sodiamu. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba chumvi ya jikoni ikikorogwa katika maji itatoa bahari. Lakini kiasi kilichobaki ndicho chenye siri. Humo mna salfeti, magnesiamu, kalisi na potasiamu, pamoja na elementi nyingine nyingi kwa viwango vidogo sana. Katika kilo moja ya maji ya bahari mna takriban miligramu 400 za kalisi, na kutokana na kalisi hiyo tumbawe hujenga nyumba yake ya chokaa.

Meli ya utafiti ya Waingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari za dunia kati ya mwaka 1872 na 1876. Mkemia William Dittmar alipochambua sampuli 77 za maji yaliyoletwa na meli hiyo, alionyesha mwaka 1884 kwamba, ingawa jumla ya chumvi hutofautiana kidogo kutoka mahali hadi mahali, uwiano wa chumvi kubwa kubwa ni ule ule katika bahari zote kuu. Ugunduzi huo ndio unaomwezesha mtu kutengeneza maji ya bahari mbali na bahari: akizipima chumvi zote kwa uwiano wake na kuziyeyusha katika maji safi, hana haja ya kubeba hata tone moja kutoka pwani.

Hapa mwalimu wa Kilimatinde ana fursa ambayo mwenzake wa pwani hana. Kutoka juu ya ukingo huonekana bonde la Bahi, ambalo maji yake hayana njia ya kwenda baharini. Mito huingia na jua hukausha. Chumvi hubaki, na watu wa Bahi wamekuwa wakiivuna tangu zamani. Upande wa kaskazini, mjini Singida, kuna maziwa ya Singidani na Kindai, nayo yana maji ya chumvi. Je, tumbawe lingeweza kuishi humo? Haliwezi, hata kama jumla ya chumvi ingalingana na ile ya bahari. Katika mabonde yasiyo na mtoko, kalisi hujitenga mapema na kutuama kama chokaa, na maji yanayobaki aghalabu hujaa sodiamu pamoja na kaboneti. Maji yote mawili huitwa ya chumvi, na ulimi waweza kudanganyika, lakini kwa kiumbe anayeishi ndani yake tofauti ni kama ile ya chakula na sumu.

Wapo samaki waliozoea maji hayo ya bara. Mmoja ni perege ambaye wanasayansi humwita Oreochromis amphimelas, aishiye katika maziwa ya Manyara, Eyasi, Kitangiri na Singida pamoja na bonde la Bahi, na ambaye hapatikani kwa asili nje ya Tanzania. Naye amekwisha kuorodheshwa miongoni mwa samaki walio hatarini kutoweka. Anayetaka kuwafundisha vijana wa Singida habari za viumbe wa maji ya chumvi asisahau kwamba mkoa wao una wa kwao.

WAFANYAKAZI WASIOONEKANA

Samaki anapokula na kupumua hutoa amonia, ambayo ni sumu. Baharini amonia hiyo hupotea katika wingi wa maji. Ndani ya tangi haina pa kwenda, nayo ingewaua samaki kwa siku chache lau si bakteria wanaokaa juu ya mawe, mchanga na vichujio. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ina madhara. Kundi jingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Mwanasayansi wa Kirusi Sergei Winogradsky ndiye aliyewatenga bakteria hawa na kueleza kazi yao mnamo mwaka 1890, akichunguza udongo. Ndio hao hao wanaorutubisha shamba la mtama na la alizeti. Mwanafunzi aliyeuelewa mzunguko wa nitrojeni shambani amekwisha kuuelewa ndani ya tangi.

Jambo hili hubadili kabisa maana ya neno kuhamisha. Mtazamaji hudhani mali ya tangi ni samaki wenye rangi. Kumbe mali yake kuu ni mawe yenye vinyweleo, yaliyovikwa utando mwembamba wa bakteria uliochukua miezi kujijenga. Samaki akifa, tangi laweza kuendelea. Utando ule ukifa, kila samaki aliyesalia atafuata. Basi yawapasa wahamishaji kuyatunza mawe kuliko wanavyowatunza samaki.

Namna ya kuyatunza ni rahisi, ingawa huwashangaza wengi. Mawe hayahitaji kuzamishwa majini safari nzima. Yakifunikwa kwa vitambaa vilivyolowa maji ya bahari, ndani ya sanduku lenye kifuniko, hukaa salama kwa saa nyingi. Lita moja ya hewa ina oksijeni zaidi ya mara 30 ya ile iliyomo katika lita moja ya maji ya bahari yenye joto la pwani. Jiwe lililolowa na kuzungukwa na hewa hupumua vizuri kuliko jiwe lililozama ndani ya ndoo iliyotulia. Mchanga wa zamani ni habari nyingine. Chini yake, mahali pasipofika oksijeni, huweza kuwa na gesi ya salfa yenye harufu ya mayai yaliyooza, ambayo ni sumu. Mchanga huo ukitikiswa barabarani na kumwagwa pamoja na maji yake katika tangi jipya, waweza kuua kila kitu kwa usiku mmoja. Heri uoshwe kwa maji ya chumvi, au uachwe Dar es Salaam.

SAFARI NA HATARI YA KUFIKA

Lita 200 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 205. Ukiongeza mawe na kioo, mzigo hupita robo tani. Kutoka Dar es Salaam hadi Kilimatinde, kwa kupitia Dodoma, ni mwendo wa zaidi ya kilometa 500. Tangi halisafirishwi likiwa na maji, kwani mawimbi yake yangepasua maungio ya kioo. Hutolewa maji yote, na samaki hutiwa mmoja mmoja katika mifuko ya plastiki yenye maji sehemu ndogo na oksijeni sehemu kubwa. Mifuko hiyo hupangwa gizani ndani ya sanduku linalozuia joto. Samaki hawalishwi siku moja au mbili kabla ya safari, ili wasichafue maji. Matumbawe hufungwa kila moja peke yake yasigusane, maana matumbawe ya jamii mbalimbali huchomana.

Wengi huamini kwamba hatari kubwa iko njiani. Kemia husema vingine. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki hutoa kabonidioksidi, na gesi hiyo huyafanya maji yaelekee uasidi. Maji ya bahari yaliyokuwa na pH ya 8.2 huweza kushuka hadi karibu na 7. Wakati huo huo amonia huongezeka. Lakini amonia ina sura mbili: moja ni gesi iliyoyeyuka, ipenyayo kwenye matamvua na kuua, nyingine ni ioni ya amoniamu, isiyopenya kwa urahisi. Katika pH ya 7, sehemu ya amonia iliyo katika sura ya sumu haifiki moja katika mia. Katika pH ya 8.2, kwa joto la pwani, hupanda hadi kati ya tano na kumi katika mia. Hivyo uasidi ule unaoonekana kama balaa ndio unaomlinda samaki njiani.

Mfuko unapofunguliwa, kabonidioksidi hutoroka, pH hupanda, na amonia iliyokuwa imelala huamka. Mtu mwenye huruma, anayetia bomba la hewa ndani ya mfuko na kuuacha kwa saa mbili ili samaki apumue, humuua kwa huruma yake. Ifanywavyo ni hivi: mfuko huelezwa juu ya maji ya tangi ukiwa bado umefungwa, hadi joto lilingane, kisha hufunguliwa, na samaki huhamishwa upesi kuingia katika maji yaliyokwisha kuandaliwa yenye uchumvi unaolingana na wa mfuko. Maji ya mfuko humwagwa nje. Sheria hii moja ya kemia, ikieleweka vizuri na kidato cha nne, yatosha kulipa gharama ya safari, kwa kuwa mizania kati ya ioni na gesi, ambayo kitabuni ni mshale wenye ncha mbili, hapa ni uhai na kifo.

KILIMATINDE NA MAKAO MAPYA

Kilimatinde ni mahali pa juu, zaidi ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na Dar es Salaam, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Maji ya bahari ya joto yana oksijeni chache tangu hapo, kati ya miligramu 6 na 7 kwa lita. Tangi lililotosheka na samaki kumi pwani lingefanya vyema kuwa na saba au wanane bara, na pampu ya kulitibua maji haina budi kufanya kazi usiku na mchana.

Kuna baridi pia. Matumbawe mengi ya pwani yetu hustawi katika joto la nyuzi 25 hadi 28 za Sentigredi hivi. Usiku wa mwezi wa Julai mkoani Singida hewa huweza kushuka hadi karibu nyuzi 15. Kipashio cha umeme ni lazima. Wanafunzi wapige hesabu: pampu ya wati 30 ikifanya kazi saa 24, kipashio cha wati 200 kikiwaka nusu ya siku, na taa za wati 100 zikiwaka saa 10, jumla ni uniti 4.1 kwa siku, yaani zaidi ya uniti 120 kwa mwezi. Je, shule inazo? Na umeme ukikatika usiku wa manane, ni nani ataamka? Mwaka 1846 Mwingereza Anna Thynne alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay na kuyaweka nyumbani kwake London. Pampu za umeme hazikuwapo. Mtumishi wake aliyamimina maji kutoka chombo hadi chombo kila siku mbele ya dirisha lililo wazi, ili yapate hewa. Mikono ya binadamu ilifanya kazi ya mawimbi. Shule isiyo na umeme wa uhakika lazima iwe na mikono hiyo, au betri iliyochajiwa na jua, la sivyo isianze.

Jambo la tatu ni maji ya kuongezea. Maji yanapokauka juu ya tangi, chumvi haiondoki nayo. Lita 10 zikipotea katika tangi la lita 200, uchumvi hupanda kutoka gramu 35 hadi karibu 37. Kinachorudishwa basi ni maji matamu, wala si ya chumvi. Nao wasioelewa huongeza maji ya chumvi kila wiki na kushangaa matumbawe yanaponyauka. Lakini maji ya visima vya sehemu nyingi za Singida ni magumu, na baadhi yana floridi nyingi. Yaliyo bora ni ya mvua. Katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kwisha mwezi wa Aprili hivi, lazima yavunwe kutoka bati safi na kuhifadhiwa kwa miezi ya kiangazi. Hapo tangi la matumbawe na pipa la shule huwa somo moja.

FUNZO LA CHURA WA KIHANSI

Msomaji aweza kudhani kwamba mambo haya ni ya starehe tu. Historia ya Tanzania inayo habari inayothibitisha vingine. Mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya dhahabu aishiye ndani ya manyunyu ya maporomoko ya maji, katika eneo la hekta chache tu, na asiyepatikana kwingine duniani. Chura huyu hatagi mayai, bali huzaa. Mwaka 1999 na 2000 mtambo wa umeme wa megawati 180 ulipoanza kazi, sehemu kubwa ya maji ya mto iligeuziwa kwenye mitambo, na manyunyu yakapungua mno.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa kwa ndege hadi bustani ya wanyama ya Bronx, Marekani. Walikuwa wamehamishwa, makao yao hayakuwa yamehamishwa. Mwanga, chakula, unyevu na vimelea, yote yalipaswa kujifunzwa upya, na wengi walikufa kabla hayajajulikana. Kufikia mwaka 2004 walibaki vyura 70 hivi katika matangi yote. Korongoni nako, licha ya mabomba ya kunyunyiza maji yaliyowekwa, idadi iliporomoka mwaka 2003, na ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ulionekana. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba chura huyo ametoweka porini. Lakini watunzaji wa Bronx na Toledo walikuwa wamekwisha kujifunza. Mwaka 2010 vyura 100 walirejeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 ikaanza kazi ya kuwarudisha korongoni.

Funzo ni hili: kuhamisha kiumbe ni kazi ya siku moja, kuhamisha masharti ya uhai wake ni kazi ya miaka. Na matumbawe yenyewe yaweza kuhitaji kazi hiyo siku za usoni. Ndani ya mwili wa tumbawe huishi mimea midogo sana, ambayo kwa nuru ya jua humtengenezea mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Maji yakizidi joto la kawaida kwa nyuzi moja au mbili kwa majuma kadhaa, ushirika huo huvunjika na tumbawe hubaki jeupe. Mwaka 1998 joto la namna hiyo liliua matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi, ya pwani yetu yakiwamo, na mengine yalipauka mwaka 2016 na 2024. Ukiongeza madhara ya uvuvi wa baruti, ni wazi kwamba taifa litahitaji vijana wanaojua kulitunza tumbawe nje ya mwamba wake. Hakuna sababu vijana hao wasitoke Singida.

HOJA ZA PANDE MBILI

Wapo wasemao kwamba shule isiyo na darubini za kutosha haina haki ya kuwa na tangi la matumbawe. Hoja hii ina uzito, nayo haijibiwi kwa maneno matamu. Ikiwa fedha ni za kuchagua moja kati ya mawili, darubini zinunuliwe. Lakini tangi lililotolewa bure, likihudumiwa kama mradi wa darasa, laweza kufundisha fizikia ya joto, kemia ya mizania, biolojia ya ikolojia na hesabu ya uwiano kwa wakati mmoja. Elimu ya kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule iwe na shamba lake ili kazi na masomo visitengane. Tangi ni shamba la maji, ila mavuno yake ni vipimo.

Wengine husema upande wa pili: apelekewe mwanafunzi samaki na tumbawe mara moja, akifa aletwe mwingine, kwani bahari haina upungufu. Hoja hii ndiyo ya hatari zaidi. Miamba ya matumbawe hufunika chini ya sehemu moja katika mia ya sakafu ya bahari za dunia, na hukadiriwa kuwa makao ya karibu robo ya aina zote za viumbe wa baharini. Tumbawe gumu lingo'lewapo kwa nyundo huacha kovu la miaka mingi. Biashara yake kati ya nchi na nchi hudhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na ndani ya nchi hakuna ruhusa ya kuchukua viumbe hao pasipo kibali. Mwalimu anayefundisha hifadhi kwa tumbawe lililoibwa mwambani anafundisha masomo mawili, na wanafunzi watalishika lile la pili.

LIFANYIKE NINI

Shule ipokeayo tangi ianze na mwaka wa maandalizi. Muhula wa kwanza tangi liwe na maji yaliyotengenezwa, mawe yaliyosafirishwa yakiwa mbichi, na pampu, samaki wasiwemo. Kila siku wanafunzi wapime joto na uchumvi, na kila wiki amonia, nitriti na nitrati, wakichora grafu ukutani. Wataona amonia ikipanda na kushuka, nitriti ikiifuata, na nitrati ikibaki. Grafu hiyo ndiyo cheti cha tangi. Kando yake liwekwe tangi dogo la pili lenye maji ya chumvi ya Bahi, na wanafunzi waulizwe kwa nini chokaa hutuama katika moja na si katika jingine.

Muhula wa pili waingie samaki wawili au watatu walio wagumu. Tumbawe lisije kabla ya miezi sita ya vipimo visivyo na pengo, likizo zikiwamo. Nalo liwe kipande kilichokuzwa ndani ya tangi jingine, wala si kilichovunjwa baharini. Matumbawe ya yule mkazi wa Dar es Salaam yabaki kwanza kwa mtunzaji mwingine wa mjini hadi shule iwe tayari. Orodha ya zamu iandikwe na kuthibitishwa na mkuu wa shule, kwa sababu bahari haina likizo ya Desemba. Zamu ikivunjika katika miezi hiyo sita, shule ijue mapema, kwa gharama ya mawe na chumvi tu, kwamba haijawa tayari. Hapo hakuna aibu yoyote. Matokeo ya jaribio ni matokeo.

Baharini, mawimbi, bamvu na maji mafu, mikondo na jua hufanya kazi mchana na usiku bila malipo. Anayelihamisha tangi hawezi kuvibeba vitu hivyo. Hubeba wajibu wa kuvifanya yeye mwenyewe, au kwa mashine, au kwa mikono ya watoto waliofundishwa wakafahamu. Shule ya Kilimatinde ikiukubali wajibu huo kwa macho mawili, tumbawe litafunua minyiri yake juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, na wanafunzi hawataihesabu bahari tena kuwa habari ya watu wengine. Ikiukataa kwa kuwa umeme na zamu bado, itakuwa imefanya uamuzi wa kisayansi pia, na grafu za maji ya Bahi zitaendelea kuisubiri.